Komadre Eudosia na Ndimu za Jumanne

Watu wa Antacucho, kijiji chetu cha milimani huku Peru, walimcheka sana komadre wangu Eudosia Palomino kwa sababu ya mikono yake. Ilikuwa ya zambarau mpaka kwenye vifundo, sikukuu na siku za kazi, tangu usichana wake. Alipofunga ndoa na Teófilo, padri alimshika mkono ili avishwe pete, akashtuka, akauliza kama bibi harusi ana ugonjwa.

"Si ugonjwa, padri," alijibu mbele ya kanisa zima. "Ni mshahara."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilicheka mpaka mama yangu akanifinya.

Alikuwa mtia rangi. Sufu ya bonde zima ilipita kwenye sufuria zake kabla ya kufika kwenye mitambo ya wafumaji. Alikwangua vidudu kutoka kwenye majani ya mpungate, vile vidogo vyenye vumbi jeupe, akavianika, akavisaga juu ya jiwe, na kutoka kwenye unga uleule akatoa rangi tatu. Akitia shabu, nyekundu. Akitia majivu, zambarau. Akikamua ndimu, rangi ya chungwa. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka hamsini na sikuwahi kuzipata hizo rangi hata mara moja. Mimi ni mtu wa viazi.

Mungu hakumpa mtoto. Mimi alinipa mmoja tu, Nélida, na Eudosia ndiye aliyembeba siku ya ubatizo. Kwetu mama mzazi na mama wa ubatizo huitana komadre, na undugu huo hauna kuvunjika. Unaweza kugombana na dada yako wa tumbo moja mkanuniana miaka kumi. Na komadre huwezi. Basi Nélida alikuwa na nyumba mbili. Kwangu alilala, kwa Eudosia aliishi.

Namkumbuka akiwa na miaka minane, amekaa juu ya gogo karibu na sufuria, mikono imeshakuwa zambarau kama ya mama yake wa ubatizo. Eudosia alikata ndimu, akamdondoshea tone moja mgongoni mwa kiganja. Pale tone lilipoangukia pakageuka rangi ya chungwa papo hapo. Mtoto alipiga kelele kwa furaha.

"Tena, mama Eudosia! Na hapa! Na hapa!"

"Basi, utanimalizia ndimu. Zinatoka mbali hizo. Lakini kumbuka: rangi ya mdudu haijui kuficha. Ukiiuliza kwa ndimu, inajibu. Wino hauko hivyo. Wino ni mwongo wa kudumu, hata uumwagie pipa zima."

Kisha akanigeukia, kajaa majivuno. "Siri hii, komadre, tunaijua wawili tu bonde hili. Mimi na huyu."

Nilikuwa namenya viazi. Nikasema hongereni.

Mwaka wa themanini ndipo Eudosia alipopiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kabla ya hapo asiyejua kusoma hakuhesabiwa, na mimi na yeye tulikuwa hatujui. Siku hiyo alichomeka maua kwenye kofia kana kwamba anakwenda sherehe ya mtakatifu wetu. Tukapanga foleni shuleni. Alipomaliza kutia alama, kijana wa kituo, mgeni kutoka mjini, akamletea kichupa cha wino achovye kidole. Akaitazama ile mikono, akachanganyikiwa.

"Mama, mbona wewe umeshapiga kura?"

"Napiga tangu nina miaka kumi, mwanangu," Eudosia alisema. "Ni vile tu hakuna aliyekuwa anahesabu."

Foleni nzima ilipasuka kwa kicheko. Alirudi nyumbani akiwa amekishika kile kitabu chake cha mpiga kura chenye mhuri, akakiweka nyuma ya picha ya Bikira, na kwa wiki nzima kila aliyepita alionyeshwa.

Sasa nitasema yaliyofuata haraka, maana hayana utamu. Kulikuwa na watu wa Chama milimani, wenye bunduki, waliosema uchaguzi ni hila ya matajiri. Kulikuwa na wanajeshi kwenye kambi iliyo juu ya daraja, waliomwona kila mkulima kuwa ni mtu wa Chama. Na huku kwetu serikali ilikuwa imetunga sheria kwamba kupiga kura ni lazima, na asiyepiga hana mhuri kitabuni. Uchaguzi wa themanini na tatu Teófilo alikuwa migodini, hakupiga. Mwaka uliofuata alipita darajani na gunia la mahindi. Askari wakamdai kitabu. Mhuri haukuwapo.

"Hukupiga kwa sababu wenzako wamekukataza," walimwambia. Wakampandisha kambini.

Eudosia alipanda kila siku kwa siku arobaini na sahani ya mahindi ya kuchemsha. Askari wa langoni aliipokea sahani, akala, akasema humu hamna mtu wa jina hilo. Teófilo hakurudi. Hata mfupa hatukupewa.

Nélida alikuwa na miaka ishirini, anasoma mjini. Alikuja kwa ajili ya maombolezo, akamkumbatia mama yake wa ubatizo, na macho yake yalikuwa makavu kuliko nilivyopenda. Usiku sikumsikia akilala. Asubuhi aliniambia, "Mama, kwa hili la baba Teófilo kuna mtu atalipa." Akaondoka. Nilidhani amerudi chuoni. Baadaye jirani mmoja akaninong'oneza kwamba ameonekana milimani, amevaa buti za kiume. Watu hunitupia methali, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huwa nawajibu: njooni basi mniambie ni lini mlimwona nikimlea hivyo.

Miaka mitano sikumwona.

Novemba ya themanini na tisa ulikuja uchaguzi wa meya wa wilaya. Meya aliyekuwapo alikuwa amejiuzulu kwa barua na kukimbilia Lima, na wa kabla yake alikuwa makaburini. Ukuta wa shule ukaandikwa kwa rangi nyekundu: atakayepiga kura atapoteza kidole. Siku mbili baadaye luteni wa kambi akaja, akasoma ule ukuta, akacheka, akatuambia kwamba Jumatatu atakagua vitabu na asiye na mhuri atalala kwake.

Tukakutana mbele ya kanisa. Nilishasema mimi ni mtu wa viazi, si wa siasa, lakini siku ile nilikiona kitu ambacho wasomi hawakuweza kunieleza: uhuru wa kuchagua, na kila tunachochagua kina panga. Wengine walisema tupige, wengine tusipige, wengine tuhamie malishoni kwa mbuzi. Mzee Crisóstomo, mpiga kengele, alisema yeye vidole vyake vimeshachoka, wachukue.

"Watakuchukua na ulimi, mzee, ndio unaowachosha watu," Eudosia akamwambia, na hata siku ile watu walicheka. Kisha akasimama. "Nisikilizeni. Mwaka wa themanini yule kijana wa kituo alishindwa kujua kama nimepiga au sijapiga. Kwa nini? Tazameni." Akainua mikono. "Jumapili alfajiri njooni kwangu. Anayetaka kupiga na asiyetaka, mtu mzima na mtoto. Wote tuchovye. Atakayekwenda shuleni aende, atakayebaki abaki. Wakija, watakuta kijiji kizima kina mikono ya Eudosia. Watakata ya nani? Na wewe usiyepiga, luteni akija, mwambie wino umekolea na kitabu kimeliwa na panya."

"Na ikitoka?" mtu aliuliza.

"Haitoki wiki mbili. Ingekuwa inatoka, ningeolewa na mtu mwenye hela."

Nilikaa pale nikimsikiliza, na nawaambia ukweli wangu wote: ndimu haikunijia kichwani. Yeye ilimjia. Nilimwuliza tukiwa njiani, aliponyamaza ghafla, unawaza nini. Akasema, "Hakuna. Kuna kitu kinaweza kuivua hii rangi, lakini hakuna anayekijua ila mimi na mtoto." Akasema "mtoto" kwa sauti ileile ya siku zote, kama mtu anayesema akiba iko kwenye chungu nyumbani. Habari za milimani alizijua, lakini haikumpitia akilini kwamba mtoto anaweza kuwa upande mwingine wa kitu chochote. Wala mimi, mzazi.

Jumapili ile sitaisahau. Alikuwa amechemsha sufuria nne, majivu mengi, rangi nzito ya usiku. Watu walijaa ua. Akina mama waliwachovya watoto wachanga, wazee walikunja mikono ya mashati, vijana walipakana mashavuni mpaka akawafukuza kwa mwiko. Mtu alileta chicha, pombe yetu ya mahindi, na filimbi ikatokea sijui wapi. Kwa mara ya kwanza tangu Teófilo achukuliwe nilimwona komadre wangu akicheza, hatua mbili tatu tu, mikono juu.

Tulipiga kura watu thelathini na mmoja. Eudosia alikwenda wa kwanza, na maua kofiani. Mimi nilikwenda wa tisa. Nilichovya kidole changu cha shahada kwenye wino, juu ya ile zambarau, na hakuna jicho la binadamu ambalo lingeona tofauti. Jumatatu luteni alikuja, akatazama mikono yetu, akatukana, akaondoka. Tulijiona werevu sana.

Jumanne, jua likiwa limeshapanda, walikuja watu wa Chama. Kumi na wawili. Walitukusanya uwanjani mwa shule, wanaume huku, wanawake kule. Kiongozi wao, aliyeitwa Komredi Braulio, kijana mwenye sauti ya mwalimu, alitutaka tunyooshe mikono. Tukanyoosha. Zambarau, mistari miwili mizima. Nilimwona akikasirika, na moyoni nikacheka.

Ndipo mmoja wao akatoka nyuma na gunia. Akavua kofia. Alikuwa Nélida.

Alikuwa amekonda. Nywele amezikata kama mvulana. Hakunitazama. Alilifungua gunia na ndani mlikuwa na ndimu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nguo hiyo niliishona mwenyewe. Nilimsikia Eudosia nyuma yangu akivuta pumzi, kama mtu aliyechomwa na sindano, basi.

Alipita kwenye mstari na kisu kidogo. Alikata ndimu, akaikamua juu ya kila kidole cha shahada, akasugua. Mkono ukageuka rangi ya chungwa. Kama ncha ya kidole nayo ilibadilika, alisema "Safi." Kama ncha ilibaki nyeusi, alisema "Amepiga," na mtu akavutwa kando. Mzee Crisóstomo alikuwa amepiga. Alisema, "Karibu nyumbani, binti," naye akahamia kwa anayefuata.

Alinifikia mimi. Akaushika mkono wangu. Miaka mitano sijaguswa na mwanangu, na nilipoguswa ilikuwa hivyo. Akakamua. Maji ya ndimu yaliingia kwenye mkwaruzo na kuuma. Mkono wote ukawa rangi ya chungwa, na ncha ya kidole ikabaki nyeusi ti, haikuwa na mjadala. Alikiona. Nilimwona akikiona. Akaweka dole gumba lake juu ya ile ncha, akaifunika, akainua kichwa.

"Safi," alisema. "Mwingine."

Nikaingiza mkono ndani ya shali. Mwingine alikuwa Eudosia.

Alikamua. Alisugua muda mrefu, na nikajua anatafuta namna. Mikono ile ilikuwa na rangi ya miaka arobaini. Labda angeweza kusema lolote. Lakini Braulio aliona anachelewa, akasogea.

"Vipi, komredi?"

Nélida alikuwa bado amemshika mama yake wa ubatizo kidole. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Amepiga."

Mpaka hapo walikuwa wamevutwa saba, na kiongozi akasema wanatosha kuwa funzo. Braulio akauliza nani aliyepika rangi. Hakuna aliyejibu, na kwa hilo nakisifu kijiji changu. Eudosia mwenyewe akainua mikono. "Una macho," alimwambia. "Au na hilo mpaka ukamuliwe ndimu?"

Walitumia dawati la shule na shoka dogo la kuni. Wengine kidole kimoja kimoja. Yeye, kwa kura kimoja, kwa rangi viwili. Nélida hakushika shoka. Nasema hivyo si kumtetea. Alikuwa amesimama na gunia mikononi, na lile gunia likamponyoka, ndimu zikaanguka, akawa anaziokota moja moja. Mimi nilikuwa upande wa walio safi, mita kumi kutoka hapo, na kidole changu nimekificha ndani ya shali.

Baada ya wiki tatu tukasikia kwamba kura za Antacucho zimefutwa. Hazikutosha, walisema. Wilaya ikapewa mtu kutoka mjini ambaye hakuwahi kulala kwetu hata usiku mmoja.

Eudosia hakusokota sufu tena. Mkono wa kulia ulibaki na dole gumba na kidole cha mwisho, na kwa viwili hivyo huwezi kuuongoza uzi. Aliendelea kidogo na sufuria, kisha akaacha. Rangi ikamtoka mikononi taratibu, na baada ya mwaka mmoja ilikuwa mikono ya kahawia kama ya mtu yeyote. Hilo liliniuma kuliko vile vidole. Alijifumia glavu kwa shida kubwa, kwa mkono wa kushoto, ya kulia ina vidole viwili tu, akatania kwamba ameokoa sufu.

Nélida aliuawa mwaka wa tisini na moja, upande wa msituni. Tuliletewa habari, maiti hatukuletewa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini kijijini hakuna aliyekuja kunipa pole, na sikuwalaumu. Alikuja mmoja tu, Eudosia, amevaa nguo nyeusi. Alikaa mlangoni kwangu na kulia kwa sauti, hadharani, watu wakipita. Walimwita mwehu.

Na mimi nilifanya nini? Nilimpikia. Miaka ishirini nilivuka ule ukuta na sufuria ya supu asubuhi na jioni. Nilimlimia, nikamfulia, nikamchana nywele. Watu walisema tazama ukomadre wa kweli. Kila niliposifiwa nilikasirika, na hakuna aliyejua kwa nini.

Alipolala kitandani mara ya mwisho, nilikuwa namlisha kwa kijiko. Nikaweka bakuli chini.

"Komadre, siku ile ya ndimu. Kidole changu."

"Kilikuwa cheusi," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Uliona?"

"Nilikuwa nyuma yako, Basilia. Walinikata vidole, si macho."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Mkateni na huyu? Changu kingerudi?" Akapumzika. "Na wangemuua mtoto palepale. Kwa kusema uongo. Uliona shingo yake ilivyokonda? Kama hawampi chakula."

Nilianza kulia. Nikamwomba msamaha kwa maneno yote niliyokuwa nayo, ya kwetu na ya kanisani. Alinisubiri nimalize.

"Vidole nilizoea," alisema. "Mwezi wa pili nilikuwa nimezoea. Lakini tangu siku ile hujawahi kunitazama usoni. Miaka ishirini unakuja na supu, unaitazama supu. Nimempoteza Teófilo, nimempoteza mtoto, nikasema basi, komadre amebaki. Hukubaki. Hilo sikulizoea."

Nikamtazama. Alikuwa amezeeka, na sikuwa nimeona akizeeka.

Alikufa Alhamisi. Siku ya tano, kwa desturi yetu, nguo za marehemu hufuliwa mtoni, na kazi hiyo si ya ndugu wa damu. Nilikwenda peke yangu. Nilifua sketi, mashali, kofia nikaifuta. Mwisho nikatoa ile glavu ya vidole viwili. Alikuwa ameitia rangi mwenyewe, zambarau ya majivu, na ilipoingia majini ikachuja kidogo, uzi mwembamba wa rangi ukafuata mkondo. Nikajaribu kuivaa ili niisugue vizuri. Mkono wangu haukuingia. Vidole vyangu vilikuwa vingi mno.